Ushairi wa Rangi na Majira kwa Watoto wa Kikatiti

Mashairi ya watoto juu ya rangi na majira ya mwaka yamekuwa sehemu ya mafunzo ya lugha katika madarasa ya chini kwa muda mrefu, na watu wengi hudhani ya kuwa hayana haja ya kuhakikiwa. Yaonekana kuwa mambo mepesi: mtoto ajue kijani na manjano, ajue masika na kiangazi, ayaghani apate kuyakumbuka. Lakini wepesi huo ni wa juu tu. Rangi na majira ni mambo mawili ambayo Kiswahili huyapanga mbali sana na namna yapangwavyo katika lugha za Ulaya, na shairi lililotungwa kwa kufuata kigezo cha Kiingereza hupotoka hapo bila mtungaji wake kutambua. Makosa ya namna hiyo huonekana wazi zaidi yakipimwa katika mahali pamoja panapojulikana kuliko yakisemwa kwa jumla, na kwa ajili hiyo Kikatiti yafaa.

Kikatiti ni mji mdogo wa Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha, ulio kando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, katika nchi ya chini iliyo kusini na mashariki ya Mlima Meru. Ipo nyuzi tatu na kitu kusini ya Ikweta, hata mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Kwenye miteremko ya juu kuna kahawa na migomba. Chini kuna mahindi, maharage na malisho ya mifugo. Watoto wake wengine huja shuleni na Kimeru, wengine na Kimaasai cha Waarusha, wengine na Kichaga, na wengi siku hizi na Kiswahili chenyewe. Hapana bahari hapo, wala hapana majira manne. Pana mvua mbili, milima miwili mikubwa ya kutazamwa, na nchi ibadilishayo rangi mbele ya macho ya mtoto mara nne au tano kwa mwaka.

Majina ya majira yaliyomo katika Kiswahili Sanifu yametoka pwani, nayo yalizaliwa na mambo mawili: upepo wa baharini na mvua ya shambani. Baharia alihesabu kaskazi na kusi, na kati ya pepo hizo akataja tanga mbili, maleleji na demani. Mkulima alihesabu masika na vuli, na baina ya mvua hizo akataja kiangazi chenye joto na kipupwe chenye baridi. Hesabu ya siku nayo ilikuwapo: mwaka ulianza kwa Nairuzi, ukagawanywa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na kwa miongo hiyo watu walijua wakati wa kulima na wakati wa kutweka tanga. Hata neno msimu, ambalo asili yake ni Kiarabu, ni ndugu wa neno ambalo mabaharia wa Ulaya walilichukua ili waziite pepo hizo hizo. Lugha yenye hazina ya namna hii haikuwa na haja ya kuazima majira ya watu wengine.

Hata hivyo yaliazimwa. Majira manne ya Ulaya yalipotafutiwa majina ya kufundishia, yale ya kuchipua yakaitwa masika, yale ya joto yakaitwa kiangazi, yale ya kupukutika majani yakaitwa vuli, na yale ya baridi kali yakaitwa kipupwe. Pengine ilikuwa rahisi kwa kuwa majina yalikuwa manne na majira yalikuwa manne. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya 1939 iliyotolewa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, alieleza vuli kuwa ni mvua ndogo, na hakuna mkulima wa Meru ambaye angempinga. Lakini tafsiri ya darasani ilikwenda njia yake, na mpaka leo yapo mashairi ya watoto ambamo vuli ni wakati wa majani kugeuka manjano na kuanguka.

Msomaji na atazame maana ya jambo hili kwa mtoto wa Kikatiti. Vuli hunyesha kwake tangu karibu na mwezi wa Oktoba au Novemba mpaka Desemba. Kabla yake kulikuwa na miezi ya vumbi. Ng'ombe walikuwa wamekonda, na mashamba yalikuwa na mabua makavu tu. Mvua ikishika, nyasi huota kwa siku chache, mbegu hutiwa ardhini, na mikrismasi ya kando ya njia huvaa maua mekundu kabla ya sikukuu iliyoipa jina. Vuli ya mtoto huyu ni kuchipua. Shairi likimwambia ya kuwa katika vuli majani hupukutika, linamwambia kinyume cha aonacho dirishani saa ile ile anapolighani. Naye hatasema ya kuwa shairi limekosea, maana mtoto hana desturi ya kukosoa kitabu. Atajifunza ya kuwa maneno ya shairi hayana sharti ya kufanana na kitu chochote. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kosa la tafsiri, kwa sababu mtu aliyekwisha kufundishwa hivyo akiwa na miaka minane huendelea kutunga hivyo akiwa na miaka thelathini, na magazeti yetu yameshiba ushahidi.

Kipupwe kina taabu nyingine. Mwezi wa Juni na wa Julai ni wa baridi katika Meru. Wingu hulala juu ya mlima asubuhi nyingi, na watoto huenda shule wakiwa na sweta. Neno hili la pwani lawafaa kabisa. Lakini mashairi ya kigeni yamekitia kipupwe theluji, na hapa mtoto wa Kikatiti ana elimu ambayo mtungaji hana. Yeye huiona theluji. Siku iliyo wazi, hata katikati ya Januari jua linapochoma, Kilimanjaro hujitokeza upande wa mashariki na weupe wake kileleni. Kwake theluji si majira hata kidogo, ni mahali. Ni kitu kikaacho juu mbali, ambacho hakishuki wala hakingoji mwezi wake. Shairi lenye akili lingeanza na ajabu hiyo, nayo ni ajabu inayopungua, kwa kuwa barafu ya kilele hicho imepotea zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Weupe huo wahitaji washairi mapema.

Wako watetezi wa majira manne, na hoja yao si ya kupuuzwa. Husema ya kuwa mtoto hana budi kuujua ulimwengu, tena Arusha ni mji wa wageni, na vitabu atakavyovisoma baadaye vimejaa majira hayo. Ni kweli. Lakini somo la jiografia lipo kwa kazi hiyo, nalo laweza kumweleza kwa picha na kwa ramani kwa nini nchi za mbali na Ikweta zina baridi ya miezi mingi. Shairi ni chombo cha namna nyingine. Humtaka mtoto atoe neno lake kutoka katika kitu alichokishika, na kitu asichokishika hakitoi neno isipokuwa la kukaririwa. Kwa upande mwingine, mtu asije akasema ya kuwa kaskazi na kusi ni ugeni ule ule kwa watu wa bara. Pepo za Bahari ya Hindi ndizo zinyesheazo miteremko ya kusini na mashariki ya Meru kuliko ile ya kaskazini, ambayo hubaki kavu nyuma ya mlima. Na kila mtoto asemaye kaskazini au kusini ataja upepo bila kujua. Mwalimu akimfunulia hilo siku moja tu, amempa shairi zima ndani ya neno alilokuwa nalo tangu zamani.

Sasa yatazamwe maneno ya rangi, ambayo mashairi ya madarasani huyatumia vibaya zaidi. Sifa za rangi zinazochukua viambishi vya ngeli katika Kiswahili ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa jani jekundu, maua mekundu, kitambaa chekundu, udongo mwekundu. Zilizobaki ni majina ya vitu yaliyokopeshwa kwa rangi. Kijani chatokana na jani. Manjano ni kiungo cha jikoni. Kijivu ni jivu. Zambarau ni tunda. Kahawia ni kahawa. Samawati ni mbingu za Kiarabu. Buluu imekuja na wageni. Brent Berlin na Paul Kay, waliochapisha mwaka 1969 uchunguzi wao uliotumia wasemaji wa lugha 20, Kiswahili kikiwamo, walishikilia ya kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na meupe, meusi na mekundu. Nadharia yao imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Sarufi ya Kiswahili lakini yabeba alama ya utatu huo mpaka leo, na utatu huo ni mpana: ng'ombe mwekundu wa Kikatiti angeitwa wa kahawia na chati ya ukutani, na mtu mweupe wa kijijini aweza kuwa Mmeru aliye wa maji ya kunde kidogo kupita nduguze.

Haya si mambo ya wanasarufi peke yao. Yanamgusa mtungaji katika mizani yake. Shairi la desturi lina mizani kumi na sita katika mshororo, nane kwa nane. Nyekundu hula mizani tatu. Rangi ya kijani hula sita, na rangi ya zambarau hula saba. Mtungaji afuataye chati ya rangi hujikuta amekwisha kutumia kipande kizima cha mshororo kwa kutaja jina tu, na akijaribu kufupisha huangukia Kiswahili cha kukatakata. Matokeo huwa kama haya, yaliyotungwa hapa kwa mfano wa mtindo unaozungumzwa:

Majani rangi kijani, maua rangi manjano,
Vuli yadondoka chini, rangi zao ni mfano.

Mizani imetimia na vina vimekaa mahali pake. Katika mizani 32, neno rangi limekuja mara tatu, kiunganishi kimepotea mara mbili, na ni mfano wa nini hapana ajuaye. Mwalimu akisahihisha kwa kuhesabu vidole tu atatoa alama zote. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha 1954 ndicho kilichoziweka sheria za kutunga mahali pamoja kwa ajili ya wanafunzi wengi, hakufundisha ya kuwa hesabu ni shairi. Lakini wafuasi wake wamekuwa wepesi kushika hesabu na wazito kushika mengine. Wala dawa yake si kuacha vina kabisa, kama wengine walivyotaka baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Mtoto hupenda vina. Anachokosa ni kitu cha kuvijaza.

Liko shairi jingine la rangi ambalo kila mtoto wa Tanzania hulijua kwa namna fulani, nalo ni lile la bendera. Tangu bendera ya Muungano ilipopatikana mwaka 1964, watoto wamefundishwa ya kuwa kijani ni mimea ya nchi, manjano ni madini, nyeusi ni watu, na buluu ni maji. Beti na ngonjera zisizo na hesabu zimetungwa juu ya jambo hili, zikaghaniwa mbele ya mgeni rasmi huku mikono ikipunga. Ngonjera yenyewe ilipata nguvu shuleni kwa kazi ya Mathias Mnyampala wa Dodoma, ambaye Ngonjera za UKUTA zake zilitoka mwaka 1970 na 1971 naye amekwisha kufariki, katika miaka ile ambayo Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa likitafuta vinywa vya kulieneza. Kwa elimu ya uraia mafunzo ya bendera hayana kasoro. Kwa ushairi yana hatari moja: humzoesha mtoto ya kuwa kila rangi ina maana moja iliyokwisha kuamuliwa na watu wakubwa.

Na hapa Kikatiti ina jibu lake, la kuchekesha kidogo. Madini ya bendera ni ya manjano. Lakini Mererani, kusini ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, si mbali na Kikatiti, ndipo mahali pekee duniani inapochimbwa tanzanaiti, iliyogunduliwa mwaka 1967. Na wako watoto ambao baba zao au wajomba zao wamekwenda kuitafuta chini ya ardhi. Kwao madini ni ya buluu. Tena si ya buluu tu. Jiwe hilo likigeuzwa mkononi huonyesha buluu upande mmoja, zambarau upande wa pili, na wekundu wa giza upande wa tatu. Na aghalabu hutoka ardhini likiwa la kahawia, likapashwa moto ndipo likawa la buluu. Ni shida kupata somo bora zaidi la rangi kwa darasa la nne. Hapa rangi si sifa iliyobandikwa juu ya kitu ikakaa. Ni jambo linalotukia kati ya kitu, mwanga na jicho. Mtoto akiulizwa jiwe hili lina rangi gani, hawezi kujibu kwa neno moja la chati. Atalazimika kusimulia, na mwenye kusimulia amekwisha kuikaribia kazi ya mshairi.

Kusimulia huko kwa Kiswahili hufanywa na vitenzi, na hili ndilo ambalo vitabu vya mashairi ya watoto vimelisahau zaidi. Kiswahili kina majina machache ya rangi lakini kina vitenzi vingi vya kugeuka rangi: kuiva, kukolea, kupauka, kuchujuka, kusawijika, kunyauka, kuparara, kutanda, kupambazuka. Kina pia sifa zisizoitwa za rangi ambazo ni za rangi kweli kweli. Mtu asemaye kahawa mbichi na kahawa mbivu ametaja kijani na nyekundu bila kuzitaja, tena ametaja na wakati. Kitu hubadili rangi kwa sababu wakati umepita juu yake. Kwa hiyo katika lugha hii rangi na majira, ambayo vitabu hufundisha katika kurasa mbili zisizojuana, ni somo moja. Na darasa la Kikatiti laweza kulifundisha bila chati yoyote, kwa shamba lililo nyuma ya shule.

Ubeti ufuatao umetungwa ili kuonyesha njia hiyo, si kuwa kielelezo cha ufasaha:

Mavumbi yametulia, mbegu zimeshachipuka,
Wingu limetutandia, Meru imejifunika,
Na ng'ombe wachungulia, majani yaliyozuka,
Vuli imeshaingia, na jembe limeinuka.

Hamna jina la rangi hata moja, na hata hivyo mtoto wa Kikatiti akiulizwa atataja wekundu wa vumbi, weusi wa wingu na kijani cha nyasi, kwa kuwa vitenzi vimemwonyesha. Vuli imerudishwa mahali pake. Mkosoaji mkali atasema ya kuwa -sha- ya mshororo wa kwanza na wa nne imetiwa kwa kutimiza mizani, na huenda amesema kweli. Lakini mshororo wa tatu ni wa mtu aliyewahi kusimama malishoni. Mwalimu aweza kuacha kipande cha mwisho wazi, kila mtoto akakijaza kwa kitenzi chake. Wengine wataleta kupauka kwa mabua, wengine watamleta mama akianua nguo. Zitakuja na ovyo pia, na ovyo za namna hiyo ni bora kuliko ukamilifu wa mistari ile miwili ya kwanza.

Kitendawili ni msaidizi mwingine, wa zamani kuliko shule. Katika kitendawili kitu hufichwa na alama yake hutolewa, na mara nyingi alama hiyo ni rangi au hali. Mtoto aliyezoea kutega na kutegua tayari anajua kusema jambo bila kulitaja, ambayo ni nusu ya kazi inayodaiwa hapa. Ajabu ni kwamba vitabu vingi huweka vitendawili katika sura ya michezo na mashairi katika sura ya fasihi, kana kwamba havijakutana.

Limebaki suala la lugha za nyumbani, nalo ni gumu zaidi kuliko yote yaliyotangulia. Wafugaji wa Kimaasai wana majina mengi ya rangi na mapambo ya ngozi za ng'ombe, majina yanayounganisha rangi na madoa na mahali yalipo mwilini, na mtoto wa Kiarusha aliyechunga huja shuleni nayo. Kiswahili hakina neno moja kwa kila jina hilo. Kina mabaka, madoadoa, marakaraka na milia, na kina njia yake ya kufananisha kwa rangi ya kitu fulani, ambayo haina mwisho. Mtoto huyo akifundishwa ya kuwa ng'ombe ni mweusi, mweupe au wa kahawia, amepunguziwa macho yake. Akiulizwa ng'ombe wa kwao anafanana na nini, na jibu lake likaandikwa ubaoni kwa Kiswahili, neno jipya laweza kuzaliwa hapo hapo kwa njia ile ile iliyozaa kijivu na zambarau. Kwa kazi hiyo mwalimu atahitaji kwanza kuwaendea wachungaji wenyewe na daftari, siku ambayo mifugo imekusanyika, na kuandika kila jina pamoja na ng'ombe aliyeitwa nalo.